Wageni wa Vumilia

Kwenye duara la mzee Maige kulikuwa na wanaume wengi na mwanamke mmoja tu mwenye fungu, naye ni shangazi yangu Vumilia. Duara ni shimo la dhahabu, lile la wachimbaji wadogo, la tindo na nyundo na kamba. Shangazi hakuwahi kushuka humo hata mara moja. Fungu lake alilipata kwa sufuria.

Ilikuwa hivi. Maige na wenzake walipoanza kuchimba pale Bugarama hawakuwa na kitu zaidi ya kamba na maneno. Mama lishe wote walikuwa wanauza sahani kwa pesa mkononi, na watu wale pesa hawakuwa nayo. Shangazi akawaambia atawapikia bure, ila mawe ya dhahabu yakitoka, siku ya mgao naye awekewe fungu lake kama mchimbaji. Wakakubali haraka, maana mwenye njaa hakatai sharti. Akawapikia ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na siku za furaha dagaa, mvua ikapita na kiangazi kikapita. Watu walimcheka. Walisema mke wa Donatus analisha shimo. Mawe yalipotoka, mfuko wake wa kwanza ulipita katikati ya barabara ya mgodini ukiwa umebebwa na kijana, yeye nyuma yake anatembea taratibu, na waliokuwa wanacheka wakaanza kumsalimia kwanza.

Mimi niliishi kwake tangu nilipoacha shule darasa la tano. Ni dada wa baba yangu. Hakuwa mtu wa maneno mengi na mimi pia sina mengi, kwa hiyo tulielewana. Nilikuwa nachota maji, nakoka moto, natazama.

Sasa kuna sheria moja ambayo wachimbaji wengi wa huku kwetu bado wanaishika, kwamba mwanamke aliye kwenye siku zake asisogelee duara. Wanasema dhahabu inakimbia. Shangazi hakuiamini na hakuibishia. Alisema kwake zile ni siku za kupumzisha mgongo. Siku hizo alikuwa anapika nyumbani, kisha ananitwika mimi sufuria. Nikitokea peke yangu kwenye kifusi, vijana wananitazama, wanajua. Mmoja atauliza kwa adabu ya kujifanya, "Vipi, shemeji ana wageni?" Nami natazama chini najibu kwamba ndiyo, ana wageni.

"Wageni" ni neno lake mwenyewe. Alilichagua ili aibu isiwepo. Wachimbaji wakalipenda, likawa neno la duara zima, hata mzee Maige mwenye kigugumizi alikuwa analitamka bila kukwama. Kwa hiyo wanaume wale, bila kukusudia, walikuwa wanazijua siku za shangazi yangu kama wanavyojua siku ya gulio.

Kisha mwaka mmoja mambo yakaanza kwa dagaa. Asubuhi moja niliwaweka kwenye kikaango, mafuta yakaanza kulia, shangazi akatoka ndani ameziba pua na upande wa kanga. Akaniambia nitoe hicho kitu hapo, nikakaangie mbali, kule kwenye mti wa jirani. Nilidhani wameoza. Nikanusa, walikuwa wazima kabisa, dagaa wa Mwanza wale wale.

Halafu usingizi. Shangazi ni mtu ambaye sikuwahi kumwona amekaa mchana bila kazi mikononi. Siku moja nilirudi na maji nikamkuta kwenye kigoda, bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mapajani, mkono mmoja bado umo ndani ya bakuli, na amelala. Kuku walikuwa wanakula michembe yenyewe. Nikawafukuza polepole nisimwamshe.

Akaanza kutema mate. Alisema mdomo wake una ladha kama ya mtu aliyelamba sarafu. Akaanza kwenda chooni mara kwa mara, akawa anayalaumu maji ya kisima kipya. Alikuwa akirudi kutoka kazini kitu cha kwanza anafungua blauzi, anasema imekwenda kwa dobi ikarudi ndogo, wakati dobi wake ni mimi na sikuwahi kurudisha blauzi ndogo. Mtoto wa jirani alimkimbilia amkumbatie, kichwa kikampiga kifuani, shangazi akakaa chini machozi yakimtoka, naye si mtu wa kulia. Na malimau. Alikuwa anakata limau, anapaka chumvi, anakula kama mtu anayekula chungwa.

Mtu atauliza kwa nini hakuna aliyefikiri. Nitajibu hivi. Shangazi na mumewe, mjomba Donatus, walikuwa wameoana tangu mimi sijui kutembea, na mtoto hakuja. Walienda hospitali, walienda kwa waombezi, walikaa. Wazo lenyewe lilishahama kwenye ile nyumba. Mwanamke aliyeolewa juzi akiugua kichefuchefu watu watacheka na kukonyezana, lakini yeye alipougua walimwambia ni malaria. Akapima, hakuna malaria. Basi wanawake wa mwaloni, kule wanakoosha unga wa mawe na kushika dhahabu kwa zebaki, wakampa jibu lao. Wakasema ni zebaki hiyo, imeingia mwilini, nayo hukausha mwanamke. Na kweli shangazi alikuwa akienda mwaloni kuosha fungu lake, na alikuwa anasimama karibu wanapoichoma ili ibaki dhahabu. Akawaamini.

Aliniambia mwenyewe tukiwa tunachagua mchele. Hakuinua macho.

"Noela, wageni wangu wamekoma."

Nikaendelea kuchagua. Akasema mwezi ule wa nyuma aliona tone tu, kama bomba linapokata maji, na baada ya hapo kimya. Akasema bibi yangu, yaani mama yake, naye alikoma mapema, kabla hajafika umri wa watu. Ndivyo damu ya kwao ilivyo. Akaniomba nisimwambie mjomba Donatus, kwa sababu mjomba ndiye alikuwa bado anangoja. Ndugu zake kutoka Kasulu wakimpigia simu na kumwuliza mambo ya mtoto, alikuwa anawajibu, "Bado tunangoja," kwa sauti ya mtu anayengoja basi ambalo lazima lije. Shangazi hakujua atamwambiaje kwamba basi lilishapita.

Kuna kitu kilinikwaruza kichwani lakini sikukishika vizuri.

Basi kwa kuwa wageni hawaji tena, shangazi hakuona sababu ya kubaki nyumbani. Akawa anakwenda duarani kila siku ya Mungu. Mimi na sufuria yangu ya peke yangu tukapumzika. Na hapo ndipo tatizo lilipoingia.

Maana duara lilikata. Mkanda wa dhahabu waliokuwa wanaufuata uliisha ghafla kwenye mwamba mtupu. Walipasua, wakapasua, yakatoka mawe meupe tu. Wachimbaji wakikosa mawe wanakuwa watu wengine. Wanaacha kutaniana, wanaanza kutazamana. Alikuwepo mmoja anaitwa Mwigulu, mchimbaji hodari, mwembamba, mwimbaji, lakini kila kitu kwake ni nuksi. Ukimpita kushoto ni nuksi. Ukimwuliza saa ni nuksi.

Siku moja na mimi nilikuwepo, nimepeleka maji. Shangazi alikuwa ameshika upawa anagawa maharage. Mwigulu akaweka sahani yake chini kabla hajala, akaninyooshea kidole.

"Huyu binti, mara ya mwisho kuja hapa na sufuria peke yake ilikuwa lini?"

Watu wakafikiri. Mmoja akasema mahindi yalikuwa hayajapandwa. Mwingine akaitikia kwamba ni kweli, na sasa yamefika magotini.

"Haya," Mwigulu akasema. "Kwa hiyo shemeji anakuja na wageni wake hapa hapa kwenye mdomo wa duara. Halafu tunaulizana mkanda umekwenda wapi."

Hakuna aliyetafuna tena. Nilimtazama shangazi. Jibu alikuwa nalo, ni sentensi moja tu. Angesema, mimi nimeshakoma, sina wageni tena, yangeisha. Lakini kulisema hilo mbele ya wanaume wote wale, na wengine wanasaga mawe karasha moja na mumewe, ni kusema kwamba Vumilia hatazaa kamwe, na mumewe alisikie kwa watu. Upawa ulikuwa unadondosha mchuzi wa moto kwenye mguu wake, na mguu hakuusogeza.

Alisema tu kwamba sheria hajaivunja.

Mzee Maige ndiye msimamizi. Alikuwa anaogopa vitu viwili, kukosa dhahabu na kugombana na aliyemlisha. Akakwama kwanza kwenye kigugumizi chake, kisha akasema kikao kitakuwa Jumapili watu wakitoka ibadani. Mpaka hapo shemeji asivuke ile kamba iliyozungushiwa duara. Na kama ni kweli, mgao ujao hauna fungu lake, wala mwingine wowote.

Tulirudi nyumbani na sufuria ikiwa nusu. Jioni mjomba Donatus alikuwa ameshazipata habari karasha, kule wanakosaga mawe, maana karasha hakuna habari inayokawia. Aliingia amejaa vumbi hadi nyusi, akasema anakwenda kumtafuta Mwigulu amfundishe kuhesabu. Shangazi akamwambia akae, ale. Akakaa. Mjomba akamwuliza kama ni kweli, shangazi akasema si kweli. Akamwambia basi Jumapili awaeleze ukweli. Shangazi akamwuliza awaeleze nini, mjomba akala.

Mimi usingizi ulikuja na lile jambo lililokuwa linanikwaruza likaja nao. Nilikuwa mdogo, Kagongwa, nyumbani kwa mama yangu. Mama alikuwa ametoka nje ameziba pua kwa kanga, anamwambia baba ahamishe samaki. Mama analala mchana. Mama anatema mate kwenye kopo lenye majivu, na baba anamtania kwamba amekuwa mvuta ugoro. Kisha akaja mdogo wangu Enock.

Kesho yake tulikuwa tunamenya karanga. Nilisubiri mpaka jirani alipoondoka.

"Shangazi, mama alikuwa hivi wakati wa Enock."

"Hivi vipi?"

Nikamtajia: mate, dagaa, usingizi, choo. Nikamwambia mtu aliyekoma sidhani kama anakimbia harufu ya dagaa.

Akaniangalia kama vile nimemtukana. Akasema kwa sauti ya chini sana kwamba nimtanie kwa lolote ila si kwa hilo, akainuka, karanga zikamwagika kutoka kwenye kanga yake, akaingia ndani. Nikaziokota moja moja. Nilidhani nimeharibu. Baadaye nikamwona amesimama mlangoni, mkono ameushika kwenye mwimo.

"Na kifua?" akauliza.

"Na kifua, shangazi. Alikuwa hataki hata tumguse."

Asubuhi tulikuwa watu wa kwanza kwenye benchi la zahanati. Nesi aliyekuwepo anaitwa Klara, mama mnene mwenye sauti ya kwaya. Nikamwamkia, akaitikia, akamwuliza shangazi siku zake za mwisho zilikuwa lini. Shangazi akamjibu kwamba ameshakoma.

"Nani amekwambia?"

Shangazi akaeleza: bibi yangu, zebaki, wanawake wa mwaloni, lile tone. Nesi Klara alisikiliza yote huku anatafuta kitu kwenye droo. Akasema wanawake wa mwaloni wana kipimo chao na yeye ana cha kwake, akampa kikombe.

Kipimo chenyewe ni kijiti tu, unakichovya kwenye mkojo kisha unangoja. Mstari wa kwanza ulikuja upesi. Shangazi akasema, "Mmoja," akaanza kujifunga kanga vizuri ili aondoke. Nesi akamwambia huo wa kwanza huwa unakuja hata kwa mwanamume, akae chini. Tukangoja. Nilikuwa nakitazama kwa upande, siangalii moja kwa moja, kama unavyomtazama ndege usiyetaka aruke. Wa pili ukaanza kama kivuli cha unywele. Kisha ukawa mwekundu.

"Hiki ni cha nani?" shangazi akauliza.

"Mama, humu ndani umekojoa wewe peke yako."

Akaomba apimwe tena. Nesi Klara hakumkatalia, akachukua kijiti kingine, nacho kikasema vile vile. Shangazi akavishika vyote viwili, kimoja kila mkono, akawa anavitazama kwa zamu. Hakulia. Alianza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, taratibu, mpaka upande wa pili ukashindwa kubaki.

Nesi akatueleza mambo. Alisema watu wengi wa umri wa shangazi hudhani wamekoma kumbe wamepata, kwa sababu kukosa siku ni mlango mmoja wenye vyumba vingi, na mtu asichague chumba mwenyewe kabla ya kupima. Alisema lile tone huwatokea baadhi ya wanawake mwanzoni, lakini damu ikitoka tena, au tumbo likimkata, asingoje kesho, aje hapo hapo. Akampa vidonge vya kuongeza damu na vya foliki asidi. Akamkataza kunywa dawa yoyote ya dukani au ya mizizi bila kumwuliza. Kuhusu zebaki alibadilika uso. Alisema haimkaushi mwanamke kama wanavyosema, ila moshi wake unaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mwaloni asikanyage tena, na Donatus avue nguo za kazi nje. Na aje naye kliniki, wapimwe wote wawili.

Kumwambia mjomba waliingia ndani wakafunga mlango. Mimi nilikuwa nje na sikusikia kitu kwa muda mrefu. Kisha mjomba akatoka. Alinipita bila kuniona, akachukua jembe, akaenda kulima kipande cha nyuma ya nyumba ambacho tulishakilima na kukipanda viazi. Alilima matuta mawili ya viazi vyetu ndipo akasimama, akaegemea mpini, akaanza kucheka peke yake. Shangazi alikuwa dirishani anamwangalia, wala hakumkataza.

Jumapili shangazi alivaa kitenge chake cha ibada, kile cha rangi ya zambarau, na kilemba. Tulipofika duarani wanaume walikuwa wamekaa juu ya mifuko mitupu. Alisimama nje ya kamba, hakuivuka. Akawasalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," wakaitikia, wengine kwa shida. Mjomba Donatus alisimama nyuma yake amekunja mikono, uso wake ukihangaika kuficha jambo.

Mwigulu akaombwa arudie shitaka lake. Akarudia. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa upole, kama anayeuliza njia.

"Baba, umesema tangu lini?"

"Tangu mahindi hayajapandwa."

"Na hukunikosa hapa hata siku moja?"

"Hata moja. Watu wote hawa ni mashahidi."

"Wote mnakubali? Hakuna mwenye shaka? Msije mkabadilisha baadaye."

Wakaitikia kwamba wanakubali. Mmoja akaongeza kwamba kwenye kuhesabu hilo hawakosei, maana siku za wageni maharage yalikuwa yanafika yamepoa.

"Sawa," shangazi akasema. "Sasa Mwigulu, mke wako nyumbani akikaa bila wageni tangu mahindi hayajapandwa mpaka yamefika magotini, utamwita kwenye kikao umwambie amevunja sheria?"

Nilimwona kijana mmoja, Ngusa, yule wa kuvuta kamba, mdomo wake ukifunguka polepole. Yeye ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akajipiga paji la uso.

"Mmezihesabu siku zangu vizuri kuliko mimi mwenyewe," shangazi akaendelea. Sauti yake haikupanda. "Mimi nilidhani nimezeeka. Nilikuwa nimekaa na huzuni yangu ndani, na ninyi huku mlikuwa na habari njema mkononi, mkaigeuza nuksi. Hawa wageni wa kila mwezi hawakuja hapa duarani, wala hawakuja kwangu. Kuna mgeni mmoja ameingia akawafungia mlango. Nesi amemwona."

Hapo mjomba Donatus alishindwa. Kicheko kilimtoka kama maji kwenye bomba lililopasuka, na Ngusa akakidaka, na wengine wakakidaka, hadi wale waliokuwa wamenuna tangu mkanda ulipokata. Mmoja alianza kuwapigapiga wenzake begani kana kwamba mimba ni ya duara zima. Mzee Maige alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Lakini Mwigulu si mtu wa kukubali upesi. Alingoja kicheko kipungue, akauliza, na mwenye mimba je, naye si atafukuza mkanda?

Maige akasimama. Na siku hiyo hakukwama hata neno moja.

"Sheria tuliyonayo ni ya mwenye wageni. Hiyo ya mwenye mimba kaitungie kwa mama yako, umwulize alikuwa wapi wakati amekubeba wewe."

"Baba yake alikuwa anachimba kule Geita," mtu akasema nyuma, "na mama yake ndiye alikuwa anapika." Wakaangua kicheko tena, Mwigulu naye mwisho akacheka, akitazama chini, akachora chora mchanga kwa kidole cha mguu.

Shangazi hakucheka nao. Alikuwa hajamaliza.

"Basi kwa sheria yenu wenyewe," akasema, "katika wanawake wote wa Bugarama, mimi ndiye ambaye kwa miezi yote hii sina hata siku moja ya kukatazwa kuja hapa. Nikibaki nyumbani, nitabaki kwa kutaka kwangu."

Akainua upindo wa kitenge chake, akavuka kamba. Alitembea mpaka kwenye mafiga yake, akayapanga upya kwa mguu, akauliza nani ana kiberiti. Viberiti vilitoka mifukoni mwa watu kama vile walikuwa wanangoja aulize. Kile alichokipokea kilikuwa cha Mwigulu, kwa sababu ndiye alikuwa karibu.

Duara halikutoa mawe siku hiyo wala wiki ile. Baadaye Maige aliacha kufuata mwamba, akaamuru wakate kushoto, na mkanda wakaukuta umejikunja huko. Vijana wakaanza kusema ni mtoto ameuvuta. Shangazi alikataa. Alisema akiikubali sifa hiyo leo, kesho mkanda ukikata tena mtoto wake ataitwa nuksi kabla hajapata meno. Ulikuwa kushoto, Maige kauchimba kushoto, basi.

Mwaloni hakurudi. Fungu lake alikuwa anaoshewa na wengine, na wanawake wa kule wakawa wanakuja wenyewe nyumbani, mmoja mmoja, wanajifanya wameleta mchicha. Wanakaa, wanazunguka, mwisho wanauliza. Wengine walikuwa na kichefuchefu, wengine wamekosa siku, wengine wana lile tone. Shangazi hakumwambia yeyote una mimba au huna. Alikuwa anamwambia kila mmoja maneno yale yale: usianze na habari za uzee wala za zebaki, anza na nesi Klara. Nilikuwa nikiona mtu ameondoka kwa haraka na mchicha wake ameusahau, najua anaelekea zahanati.

Duarani alipikia mpaka tumbo lilipomzuia kuinama, na kutapika alitapika huko huko, nyuma ya kifusi, wanaume wakigeuza nyuso zao kwa heshima hadi amalize. Alijifungua Kahama, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Mjomba Donatus alipiga simu Kasulu akashindwa kuongea, akaiweka simu karibu na mtoto ili wasikie wenyewe.

Mgao ulitokea shangazi akiwa bado ndani na mtoto wake mchanga. Nilikwenda mimi. Nilikaa mbali kidogo kwenye kifusi kama kawaida yangu, nikitazama wanavyogawa mawe, rundo baada ya rundo, na sikutaka kuuliza kitu. Waligawa wote. Kila mtu akasimama kwenye rundo lake na rundo moja likabaki bila mtu. Walikuwepo wageni wawili siku hiyo, wanunuzi wa mawe kutoka mjini, na mmoja akaligusa kwa kiatu akauliza hili la nani, kama halina mwenyewe yeye alichukue.

Mwigulu aliacha mfuko wake, akaja akasimama kati ya kile kiatu na lile rundo.

"Ni la Vumilia," akasema. "Mwenzetu. Amejifungua."

Kisha akaniita nishike mdomo wa mfuko, akaanza kuyajaza mawe yale kwa mikono yake.